Sheikh Bakri Sapalo: Mwanachuoni Aliyefundisha kwa Lugha ya Nyumbani

 

Mwezi huu misikiti yetu ya Isiolo inajaa. Ukikaa kwenye darsa baada ya Alasiri unaweza kusikia lugha tatu katika kikao kimoja. Sheikh anasoma kwa Kiarabu, anafasiri kwa Kiswahili, halafu mzee mmoja kule nyuma anaomba aelezewe kwa Kiborana au kwa Kisomali. Akielezewa, uso wake unachangamka. Sasa sisi vijana tuliosoma shule mara nyingine huwa tunaona kama anatuchelewesha, ati kwa nini asijifunze Kiswahili kama watu wengine?

Hebu leo tumtazame mtu ambaye angekaa karibu na mzee huyo. Alikuwa mwanachuoni mkubwa. Kiarabu alikijua barabara, akaandika vitabu kwa lugha hiyo. Lakini maisha yake yote aliyatumia kuhakikisha kwamba mfugaji, mkulima na mama wa nyumbani wanaielewa dini yao na historia yao kwa lugha waliyonyonya nayo. Kwa sababu hiyo alinyimwa uhuru, na mwisho akafa mkimbizini. Huyu ni Sheikh Bakri Sapalo, Allah amrehemu.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake kamili ni Abubakar, mwana wa Garad Usman Oda. Alizaliwa mwaka 1895 huko Hararghe, mashariki ya Ethiopia, upande wa Harar na Dire Dawa. Bakri ni ufupisho wa Abubakar. Garad ni cheo alichokuwa nacho baba yake, mtu mwenye ardhi na heshima yake. Ama Sapalo si jina la baba wala la ukoo. Ni jina la mahali alipofundisha, na watu wakamwita kwa hilo mpaka likamganda.

Ili tumwelewe ni lazima tujue alizaliwa wakati gani. Harar ulikuwa mji wa Kiislamu kwa karne nyingi, mji wa ukuta wenye misikiti 82, ambao mwaka 2006 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ulikuwa na amiri wake. Januari 1887, miaka minane kabla ya Sheikh kuzaliwa, jeshi la Menelik lilimshinda Amiri Abdullahi katika vita vya Chelenqo, na Harar ukaingia katika dola ya Habasha.

Baada ya hapo ardhi nyingi za Waoromo ziligawiwa askari na wakubwa wa dola, na wenyeji wakawa wapangaji katika mashamba ya babu zao. Mahakamani lugha ilikuwa Kiamhara. Mkulima akishtakiwa, inabidi atafute mkalimani wa kumsemea, na asijue kama alichosema ndicho kilichofika kwa hakimu. Ndugu msomaji, mtu asiyeweza kusema shida yake kwa kinywa chake mwenyewe ana haki gani hapo? Bakri alikulia ndani ya hali hiyo.

SAFARI YA KUTAFUTA ELIMU

Alianza kusoma nyumbani, halafu akafunga safari za kutafuta masheikh, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa nchi hizo. Zama hizo hakukuwa na karo wala mabweni. Mwanafunzi alibeba ubao wake wa kuandikia, akahama kutoka kwa sheikh huyu hadi kwa yule, akila kile wanakijiji walichojaaliwa kumpa. Wazee wetu waliosoma dugsi wanaijua vizuri habari hii.

Miongoni mwa sehemu alizokwenda ni Chercher, nyanda za juu magharibi ya Harar. Alirudi kwao akiwa ameiva, akafungua darsa. Na hapo ndipo watu walipoanza kuona kwamba sheikh huyu ana mambo yake.

Kwanza, hakufundisha dini peke yake. Kwake wanafunzi walisoma pia historia, jiografia, hesabu na elimu ya nyota. Elimu ya nyota si mchezo kwa Muislamu, kwani ndiyo inayosaidia kujua kibla, nyakati za Swala na mwendo wa mwezi ambao sisi sote tunaukodolea macho Shaaban ikifika 29.

Pili, na hili ndilo kubwa, alifundisha kwa Kioromo. Wanafunzi hawakukariri tu maneno ya Kiarabu wasiyoyajua. Walielezewa, wakauliza, wakajibiwa, kwa lugha ile ile waliyochungia mbuzi.

MASHAIRI YALIYOTEMBEA BILA KARATASI

Sheikh alijua kwamba wengi wa watu wake hawasomi wala hawaandiki. Ukiwaandikia kitabu, kitakaa sandukuni kwa imamu. Basi alifanya nini? Alitunga mashairi.

Alitunga kwa Kiarabu na kwa Kioromo, lakini yale ya Kioromo ndiyo yaliyomfikisha kila boma. Shairi lina mizani, na mizani inashika akilini. Mtu aliyekosa darsa alilisikia kwa mwenzake kisimani, akalibeba hadi nyumbani, mkewe akalishika, watoto wakalishika. Ndani yake mlikuwa na mafunzo ya dini, mlikuwa na habari za watu wao walivyokuwa na yaliyowapata. Mtu asiyejua herufi hata moja aliweza kuwa na kitabu kizima kichwani.

Jambo hili si geni katika pwani yetu na jirani zake. Kule Pate, mwaka 1858, Mwana Kupona alitunga utendi kumuusia binti yake. Kule Barawa, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwa Chimini, lugha ya watu wa mji huo, na kina mama wakazihifadhi beti zake kwa moyo. Wote hao waliijua heshima ya Kiarabu, lugha ya Qur'ani. Lakini waliona kwamba mafunzo yasipoingia katika lugha ya nyumbani yatabaki mlangoni. Sheikh Bakri ni wa safu hiyo hiyo, isipokuwa yeye alikuwa ndani ya bara, katika nchi ambayo lugha yake haikutakiwa.

KWA NINI ALITUNGA HERUFI

Mashairi ni hazina, lakini yana udhaifu wake. Mwenye kuyahifadhi akifa, huenda akaenda nayo. Sheikh alitaka Kioromo kiandikwe, na kiandikwe sawasawa. Hapo akakutana na tatizo ambalo msomaji aliyepita madrasa atalielewa mara moja.

Sote tunajua kwamba katika Qur'ani kuvuta na kutovuta si sawa. Ukiacha madda au ukiruka shadda unaweza kuharibu maana. Kumbe Kioromo nacho ni hivyo hivyo! Lafa ni ardhi, lakini ukivuta, laafaa ni kitu laini. Badaa ni kibaya, lakini ukiikaza ile d, baddaa ni nyanda za juu. Kwa hiyo mwandiko usioonyesha kuvuta na kukaza unamchanganya msomaji.

Herufi za Kiarabu zina madda na shadda, lakini irabu zake ni a, i na u tu, na Kioromo kina e na o pia. Tena kuna sauti za Kioromo, kama ile dh inayotamkwa kwa ulimi kurudi nyuma, ambazo Kiarabu hakina. Herufi za Kihabeshi nazo zina e na o, lakini hazionyeshi mkazo wala hazitofautishi vizuri irabu fupi na ndefu. Kila nguo aliyoijaribu ilibana huku na kupwaya kule.

Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 60 na kitu, Sheikh alikamilisha herufi zake mwenyewe. Hakuazima maumbo ya Kiarabu, ya Kihabeshi wala ya Kizungu. Kila sauti ya Kioromo aliipa umbo lake, na irabu akaziwekea alama, fupi mbali na ndefu mbali. Hakuwa na chuo kikuu nyuma yake, wala mfadhili, wala mashine. Alikuwa na sikio lake, kalamu yake, na miaka mingi ya kusikiliza watu wake wakizungumza.

Majirani nao walikuwa na haja hiyo hiyo. Wasomali walikuwa na herufi za Osmania, zilizotungwa na Osman Yusuf Kenadid mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo fikira hii haikuwa kichaa cha mtu mmoja. Ilikuwa kiu ya watu wa pembe yetu hii ya Afrika, ya kutaka kusoma maneno yao wenyewe.

KIZUIZINI DIRE DAWA

Herufi zilianza kuenea katika vijiji vya jirani. Watu wakajifunza, wakaandikiana barua. Habari zikaifikia serikali ya Haile Selassie, na serikali ikashtuka.

Kwa nini dola yenye jeshi na ndege iogope mzee wa darsa? Wakati huo siasa ya nchi ilikuwa lugha moja, Kiamhara. Kuchapisha, kuhubiri au kufundisha shuleni kwa Kioromo hakukuruhusiwa, ijapokuwa Waoromo ni watu wengi mno katika nchi hiyo. Watu waliokuwa wakisemewa na mkalimani wakianza kuandika wenyewe, kesho wataandika mashtaka.

Sheikh akawekwa kizuizini Dire Dawa. Alizuiwa kueneza herufi zake. Kizuizi kilichukua miaka mingi kabla ya kulegezwa.

Lakini kalamu haikulala. Katika miaka hiyo ya kubanwa aliandika kijitabu kiitwacho Shalda, cha kurasa kama 20, kueleza madhila yaliyowapata Waoromo chini ya dola. Akaandika pia historia kwa Kiarabu, ndani yake habari za Waoromo, za wafalme wa Kiislamu na za wafalme wa Habasha. Miswada hiyo haikuchapwa wakati wa uhai wake, lakini wanahistoria waliokuja baadaye waliitumia.

MWISHO WA SAFARI

Septemba 1974 Haile Selassie alipinduliwa. Mwanzoni watu walishangilia. Mwaka 1975 ardhi ilichukuliwa kutoka kwa mabwana, na mwaka huo huo likatoka gazeti la Kioromo, Bariisaa, ingawa kwa herufi za Kihabeshi. Furaha haikudumu. Mwaka 1977 vita vya Ogaden vikawaka kati ya Ethiopia na Somalia, na utawala wa kijeshi ukaanza kuua watu ovyo katika kile kilichoitwa Ugaidi Mwekundu.

Mwaka 1978 Sheikh, mzee wa miaka zaidi ya 80, aliingia njiani pamoja na malaki ya wakimbizi kuelekea Somalia. Alikuwa na tamaa kwamba huko maandiko yake yatapata kuchapwa. Na tamaa hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu Somalia ilikuwa imeipa lugha yake herufi rasmi mwaka 1972, na mwaka 1974 na 1975 ikawatuma wanafunzi vijijini kuwafundisha wafugaji kusoma.

Lakini kambi ya wakimbizi ni kambi. Alifikia kambi moja ya mkoa wa Hiran, karibu na Beledweyne. Kule mtu anapanga foleni ya maji na unga, nani atauliza habari za miswada? Akaugua, na Aprili 1980 akafariki dunia katika kambi hiyo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

KILICHOBAKI

Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya kifo chake, wataalamu wawili, Richard Hayward na Mohammed Hassan, walichapisha maelezo ya herufi zake katika jarida la wataalamu mjini London, na ulimwengu wa wasomi ukaona kazi ya mzee huyu. Kioromo chenyewe kilipata herufi rasmi mwaka 1991 baada ya utawala wa kijeshi kuanguka, lakini zilizochaguliwa ni za Kilatini, zinazoitwa Qubee. Herufi za Sheikh hazikuwa za taifa. Zilibaki kwa wachache, na kwenye karatasi za watafiti.

Je, alishindwa? Ukipima kwa herufi peke yake unaweza kusema hivyo. Lakini angalia alichokuwa akikitafuta. Alitaka mtu wa kawaida aelewe dini yake, ajue alikotoka, aweze kusema na kuandika kwa lugha yake. Leo Kioromo kinasomeshwa, kinachapwa, kina redio. Hapa kwetu Kenya nako Kiborana, tawi la lugha hiyo hiyo, kinasikika redioni kila siku, na mawaidha ya Ramadhan yanatolewa kwacho bila ya mtu kuulizwa na polisi. Waliokitetea wakati wa giza ni wengi, na yeye ni mmoja wa waliotangulia.

HII SI ASABIYA?

Huenda msomaji mmoja akauliza, je, kushikilia lugha ya kabila si ndiyo asabiya iliyokatazwa? Swali zuri, hasa kwetu Isiolo. Mji wetu ni wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo, na tumezika watu kwa sababu ya ukabila, malisho na mipaka.

Asabiya ni kumsaidia jamaa yako katika dhulma kwa kuwa tu ni jamaa yako, au kujiona bora kuliko mwingine kwa ukoo. Lugha ni jambo lingine. Suratu Ibrahim inatufahamisha kwamba kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Na Suratu Rum inahesabu tofauti ya ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara za Allah. Ishara ya Allah haidharauliwi, wala haigeuzwi kuwa rungu la kumpigia jirani.

Sheikh Bakri mwenyewe ni ushahidi. Kiarabu alikiheshimu, akakiandikia vitabu. Hakusema lugha yake ni bora kuliko za wengine. Alichokataa ni watu kunyamazishwa. Kwa hiyo anayemfuata kweli akipigania Kiborana kisikike, atakubali pia Mturkana na Msamburu wasikilizwe kwa lugha zao.

VIJANA WENZANGU, SISI JE?

Wengi wetu hapa mjini tunaelewa lugha za nyumbani lakini hatuzisemi. Nyanya akisimulia habari za kuhamia Waso, za ukame, za miaka ya shifta kuanzia 1963 ambapo watu walikusanywa kambini na mifugo ikafa, sisi tuko kwenye simu. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja, kila mwaka tunawazika, na mengi ya waliyoyajua hayajaandikwa popote.

Sheikh alikuwa na kalamu na ubao. Wewe una simu inayonasa sauti mfukoni. Ramadhan hii, kati ya Alasiri na futari, wakati ambao wengi tunaupoteza tukisubiri adhana, kaa na babu yako au nyanya yako, wa Garba Tulla, wa Merti, wa Kinna, wa Bulla Pesa, popote alipo. Mwombe akusimulie. Nasa sauti yake, uandike baadaye. Mwulize alijifunza vipi kuswali, nani alimfundisha, kijiji kilisaidiana vipi wakati wa njaa. Halafu usiishie hapo. Siku nyingine kamsikilize mzee wa jirani ambaye si wa kabila lako. Na wewe uliyejaaliwa kipaji cha mashairi, kuigiza au kusimulia, usikitumie harusini peke yake. Kitumie kuwaeleza watu jambo litakalowafaa.

Na pale kwenye darsa, yule mzee wa nyuma akiomba aelezewe kwa lugha yake, usigune. Ukiweza, wewe ndiwe usimame umfasirie.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Bakri Sapalo, amsamehe alipokosea, ampokelee elimu yake iwe sadaka yenye kuendelea, na awajaalie wazee wetu umri wenye baraka mpaka tuyapokee waliyonayo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.